Gertrude Caton-Thompson: Mwanamke Aliyechimba Chini ya Sakafu za Zimbabwe

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wetu mlioacha shughuli zenu kuja kunisikiliza, nawasalimu nyote.

Mwanamke nitakayewasimulia leo alikuwa na jalada moja la barua ambalo juu yake aliandika neno moja tu: "Wendawazimu". Humo alizitia barua za watu waliomwandikia mwaka hata mwaka kumweleza kwamba amepotoka, kwamba Zimbabwe Kuu, ule mji wa kale wa mawe kusini mwa Afrika, ilijengwa na Wafoinike, au na watu wa Malkia wa Sheba, au na Waarabu wa kale, au na yeyote yule chini ya jua ili mradi asiwe Mwafrika. Hakuona sababu ya kubishana nao mmoja mmoja. Jibu lao alikwisha kulitoa mwaka 1929, tena alilitoa pale pale penye magofu, akiwa amepiga magoti kwenye shimo.

Jina lake Gertrude Caton-Thompson. Nikiuliza humu ukumbini nani anamjua Mary Leakey wa Olduvai, mikono itajaa. Nikiuliza huyu, naona hata walimu wa historia wanatazama chini. Hakuna aibu. Vitabu vyetu vya shule vinasema Zimbabwe Kuu ilijengwa na mababu wa Washona, basi, kama vile jambo hilo halijawahi kubishaniwa. Lilibishaniwa kwa miaka mia moja, na serikali nzima ikatia mkono wake.

Malezi yake nitayapitia kwa haraka, maana utamu hauko huko. Alizaliwa London tarehe 1 Februari 1888. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 5. Familia ilikuwa na mali, naye akarithi, kwa hiyo hakuwahi kuishi kwa kusubiri mshahara. Hilo tuliseme wazi. Zama zile vyuo vilikuwa havitoi kazi za uchimbaji kwa wanawake kwa urahisi, na mwanamke asiyekuwa na fedha zake mwenyewe angeishia kuandika lebo za vyombo makumbusho. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika Wizara ya Meli ya Uingereza, na mwaka 1919 alikuwapo Paris kwenye mkutano wa amani. Alipoanza kusoma akiolojia, chini ya Flinders Petrie pale University College London, ilikuwa mwaka 1921. Hesabuni wenyewe: miaka 33. Nawaona vijana fulani hapa waliokata tamaa wakiwa na 24.

Petrie alikuwa bingwa wa Misri, na akamchukua kwenda kuchimba Abydos. Sasa, uchimbaji wa Misri wakati ule ulikuwa kwa sehemu kubwa uchimbaji wa makaburi. Kaburini mna vitu vizima na vya kupendeza, na wafadhili walitaka vitu vya kuweka kwenye kabati la kioo. Vijiji walivyoishi watu wa kawaida havikuwa na mvuto huo. Kijiji kikichimbwa hutoa majivu, mifupa iliyogugunwa, vyungu vilivyovunjika. Caton-Thompson akachagua kijiji.

Kiliitwa Hemamieh, katika eneo la Badari, kusini mwa Misri. Mwaka 1924, wenzake wakiwa makaburini, yeye alianza kukishusha kijiji hicho tabaka kwa tabaka, kila mara sentimita 15 hivi, asiende chini zaidi kabla ya kuandika kila kigae na kila jiwe la gumegume lilikotoka na kwa kina gani. Ni kazi ya kuchosha macho. Inasimuliwa kwamba kipindi hicho alilala ndani ya kaburi lililosafishwa ambalo fira nao walilipenda, na chini ya mto aliweka bastola kwa ajili ya fisi. Hadithi ya fira ndiyo watu huikumbuka. Mimi nawaomba mkumbuke zile sentimita 15. Kabla yake, wataalamu walipanga zama za kale za Misri kwa kulinganisha mitindo ya vyungu vya makaburini, huku kila kaburi likiwa peke yake. Hemamieh ikaonyesha mitindo hiyo imelala mmoja juu ya mwenzake, ule wa Badari chini, mingine ikifuatana juu yake. Mpangilio ukawa umetoka ardhini wenyewe.

Kisha akaenda bonde la Fayum, huko huko Misri, pamoja na rafiki yake Elinor Gardner, mwanajiolojia. Wanawake wawili jangwani, mmoja akisoma mawe ya zana, mwingine akisoma kingo za ziwa lililokauka. Huko wakakuta mashimo ya kuhifadhia nafaka, mengi, yamechimbwa mahali palipoinuka na kutandikwa kwa majani yaliyosukwa, na ndani ya baadhi yake ngano na shayiri zilikuwa bado zipo. Na mundu. Naomba mkae na mundu huu kidogo. Mpini wake ni wa mti, umechongwa mfuo upande mmoja, na ndani ya mfuo vimepachikwa vipande vya gumegume vyenye meno. Mkulima aliuweka humo, na hakurudi kuuchukua kwa miaka zaidi ya 6,000. Baadaye, kipimo cha kaboni cha kujua umri wa vitu vya kale kilipogunduliwa, nafaka za Fayum zilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kupimwa. Kwa hiyo ile shayiri ambayo mchimbaji mwenye haraka angeipeperusha kama makapi ilikuja kusaidia dunia kujua kilimo cha Misri kina umri gani.

Basi huyo ndiye mtu aliyeitwa kwenda Zimbabwe. Sasa lazima nirudi nyuma, maana bila kujua magofu yale yalitendewa nini, hamtaona ukubwa wa alichokifanya.

Mwaka 1871 Mjerumani aitwaye Carl Mauch alifika kwenye magofu. Aliona kuta za mawe ya graniti, mawe yaliyopangwa safu kwa safu bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha. Ule ukuta wa nje wa boma kubwa la bondeni una mzunguko wa mita 250 hivi, na mahali pengine unapita mita 10 kwenda juu. Mauch akashangaa. Akakata kipande cha boriti ya mlangoni, akakinusa, akakilinganisha na penseli yake, akaona vinafanana. Penseli ni ya mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Waliosafirisha mierezi ya Lebanoni ni Wafoinike, nao walimpelekea Mfalme Suleimani. Kwa hiyo, akasema, hapa ni kwa Malkia wa Sheba.

Mwenzangu pale nyuma anacheka. Cheka tu, lakini penseli hiyo ilikuwa na maisha marefu kuliko sisi sote. Mti ule ulikuwa mti wa hapo hapo, wa kusini mwa Afrika, lakini hadithi ikawafaa sana watu waliokuja baadaye. Mwaka 1890 watu wa Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza, waliiteka nchi. Ikiwa zamani za kale watu weupe walikwisha kuitawala na kuijenga, basi wao hawakuja kunyang'anya, wamerudi tu kwenye mali ya wajomba. Mwaka 1891 akatumwa Theodore Bent kuchimba. Alikuta vyombo vya Waafrika shimoni, akaandika habari za wageni kutoka Uarabuni. Mwaka 1895 ikaanzishwa kampuni yenye kibali rasmi cha kuchimbua magofu ya nchi ile kutafuta dhahabu. Mapambo yaliyotengenezwa na mafundi wa karne zilizopita yakayeyushwa.

Baya kuliko yote lilifanywa na mtu aliyeajiriwa kuyatunza. Richard Hall alipewa kazi ya ulinzi wa magofu mwaka 1902. Yeye akaamua kusafisha. Na uchafu, kwa macho yake, ulikuwa ni kila kilichoachwa na Mwafrika. Akaukwangua udongo wa ndani ya boma kubwa na mahali pengine, na kuna sehemu alizoshuka kina cha kumzidi mtu kimo, akautupa nje akitafuta Wafoinike walioko chini. Chini hapakuwa na mtu. Waliokuwapo ni wale aliokwisha kuwatupa: sakafu zao, meko yao, mifupa ya ng'ombe wao, vyungu vyao. Hall aliondolewa kazini mwaka 1904, lakini udongo ukishamwagwa haurudi mahali pake.

Mwaka uliofuata akaja David Randall-MacIver, naye ni mwanafunzi wa Petrie. Akasema kwa wazi kwamba magofu ni kazi ya Waafrika na ni ya zama za kati, wala hayana umri wa Suleimani. Walowezi wakamrukia. Hall akaandika kitabu kizima kumpinga. Mabishano yakaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 20, hadi jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, iliyopanga kufanya mkutano wake Afrika Kusini mwaka 1929, ilipoamua kumtuma mtu wa kulimaliza jambo hili kabla ya mkutano. Wakamchagua Caton-Thompson.

Akachagua wenzake: Dorothy Norie, na binti wa miaka 23 aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza Oxford, Kathleen Kenyon, ili apige picha. Msafara wa kitaalamu wenye wanawake watatu na hakuna mwanamume hata mmoja wa kuwaongoza, mwaka 1929, Rhodesia ya Kusini, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo! Waliobeba udongo na kushika majembe pamoja nao walikuwa wanaume wa pale pale, wajukuu wa wajenzi wenyewe kwa maana yoyote ile ya kweli. Majina ya wale mabibi watatu tunayo. Ya hao wanaume hatukuachiwa.

Sasa swali la kazi: utachimba wapi, ikiwa Hall amekwisha kukwangua kila mahali pa maana? Kuna watu wangekimbilia boma kubwa hata hivyo, kwa sababu ndilo linalopigwa picha. Yeye alizunguka, akakagua, akatumia hata ndege kuyatazama magofu kutoka juu, jambo ambalo wanaakiolojia walikuwa ndiyo wanaanza kulijaribu. Mwishowe akatulia kwenye magofu madogo ya bondeni yanayoitwa Maund, ambayo hayakuwa na sifa yoyote kubwa. Sifa yake ilikuwa moja: wachimbaji wa kabla yake hawakuyavuruga sana.

Hoja yake ni nyepesi, mtoto wa darasa la 5 ataishika. Fundi akimwaga sakafu ya saruji nyumbani kwako, na miaka 50 baadaye ukaivunja ukakuta chini yake sarafu, basi sarafu hiyo iliingia pale kabla fundi hajamwaga. Ikiwa sakafu haikuwa na tundu wala ufa, hakuna njia nyingine. Pale Maund palikuwa na sakafu za udongo ulioshindiliwa ukawa mgumu, na kuta za mawe zimesimama kuhusiana na sakafu hizo kiasi kwamba ungeweza kusema kipi kilitangulia. Caton-Thompson akazipasua kwa utaratibu ule ule wa Hemamieh, akaorodhesha kila kilichotoka chini yake.

Kilitoka nini? Vigae vya vyungu vya wenyeji. Chuma. Vikuku vya waya. Shanga ndogo za kioo zilizokuja kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Hakuna cha Sheba. Na hapa ndipo shanga zilipopanda cheo, kwa sababu shanga za namna ile zilijulikana mahali pengine, na wakati wake ulikadirika: zama za kati, karne nyingi baada ya Suleimani. Sakafu iliyofunika shanga haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko shanga. Kwa hiyo jengo lilijengwa wakati huo au baadaye. Na kwa kuwa vyungu vilivyokuwa chini ya sakafu, juu ya sakafu, na kila mahali vilikuwa vya wenyeji, hapakubaki nafasi ya kuwachomeka wageni. Hadithi ya walowezi ilidai kwamba wageni walijenga, wakaondoka, kisha Waafrika wakaja kupanga katika nyumba za watu. Chini ya sakafu ya mwenye nyumba, aliyekutwa ni Mwafrika.

Kulikuwa pia na ule mnara mnene wa mawe ndani ya boma kubwa, wenye urefu wa mita 10 hivi. Watu waliapa kwamba mna kaburi la mfalme au hazina. Akachimba njia ya chini kwa chini kupita chini ya mnara. Akatoka upande wa pili na udongo wa kawaida. Nampenda sana kwa hilo. Ubishi wa nusu karne, na jibu lake likawa ni kutambaa huko chini mtu akaone.

Agosti 1929 akasimama Johannesburg mbele ya mkutano. Akaeleza kwamba ameupima ushahidi wote uliopo, kutoka kila upande, na hakuona hata kitu kimoja kisichopatana na asili ya Kibantu na umri wa zama za kati. Magazeti ya huko yakapata kazi. Na aliyesimama kumpinga kwa ukali kuliko wote alikuwa Raymond Dart.

Wanafunzi wa baiolojia mnamjua Dart. Ndiye aliyetangaza mwaka 1925 fuvu la mtoto wa Taung, akasema chimbuko la binadamu ni Afrika. Wakubwa wa Uingereza walimcheka kwa hilo, na baadaye ikathibitika kwamba alikuwa sahihi. Mtu huyo huyo, miaka minne baada ya kuiambia dunia kwamba binadamu alianzia Afrika, alighadhibika ukumbini kwa kuambiwa kwamba Waafrika walijenga ukuta. Yeye aliamini ustaarabu wa kusini mwa Afrika ulitiwa na wageni kutoka mashariki. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi na bado linanishinda. Msidhani waliompinga Caton-Thompson walikuwa wajinga wote. Baadhi yao walikuwa watu wenye akili kuliko mimi na nyinyi, na jicho lao lilikuwa zima kwa mifupa, likafumba kwa mawe.

Kitabu chake kuhusu Zimbabwe kikatoka mwaka 1931. Na humo kuna mahali ambapo wanaomsifu huparuka haraka, lakini mimi nitasimama, kwa sababu sikuja hapa kumfanya malaika. Katika kitabu hicho hicho kilichowarudishia Waafrika jengo lao, aliandika kwamba usanifu wake ulimwonekea kuwa zao la akili ya kitoto. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mwanamke aliyeona mawe yaliyochongwa na kupangwa kwa maelfu kwa maelfu, yenye urembo wa vishale karibu na kilele cha ukuta, njia nyembamba zinazopinda kati ya kuta mbili ndefu, yote yamesimama bila chokaa tangu kabla Wareno hawajaizunguka Afrika, yeye akaona utoto.

Kuna rafiki yangu ambaye tangu alipolisoma hilo hataki kumsikia tena. Namwelewa. Mimi nimefikia mahali tofauti. Caton-Thompson alikuwa Mwingereza wa tabaka lake na wa wakati wake, amelelewa katika dola iliyotutawala, na sioni dalili kwamba alikwenda Zimbabwe kwa kutupenda. Alikwenda kujua sakafu ina nini chini yake. Alichokikuta alikiandika kama kilivyo, ingawa maoni yake mwenyewe kuhusu watu wale yalikuwa duni. Ushahidi ulimshinda nguvu, na alikuwa na heshima ya kutosha kwa kazi yake kukubali kushindwa. Randall-MacIver naye alikuwa hivyo hivyo. Ningekuwa na shaka zaidi kama wangekuwa marafiki zetu, kwa sababu wapinzani wangesema wametupendelea.

Baada ya Zimbabwe hakutulia. Kuanzia 1930 alikwenda oasisi ya Kharga, magharibi mwa Misri, tena na Gardner, akifuatilia watu wa zama za mawe waliokaa kando ya chemchemi ambazo zimekauka zamani. Kitabu cha kazi hiyo kilikuja kutoka mwaka 1952, kwa hiyo msiwalaumu sana wasimamizi wenu wa tasnifu.

Mwaka 1937 akaenda Hadhramaut. Hapa watu wa pwani sikio litawasimama, maana mababu wa jamaa zetu wengi walitoka huko. Alisafiri na Gardner na Freya Stark, msafiri mashuhuri, na safari haikuwa ya amani. Stark alitaka watu na hadithi, Caton-Thompson alitaka mitaro iliyonyooka, na hawakuelewana. Lakini pale Hureidha alichimba hekalu la mungu mwezi, aliyeitwa Sin, na mawe yake yalikuwa na maandishi ya Kiarabu cha kusini cha kale. Fikirini mzaha wa jambo hili. Uarabuni kusini ndiko walikodai walowezi kwamba wajenzi wa Zimbabwe walitoka. Yeye akaenda huko mwenyewe, akachimba jengo halisi la watu hao, akakuta maandishi. Zimbabwe Kuu yote, baada ya Bent, Hall na kampuni ya dhahabu kuipekua, haijatoa hata herufi moja ya namna ile.

Nimeahidi moyoni nisisahau wanawake wengine. Kathleen Kenyon, yule mpiga picha, alikuja kuchimba Jericho katika miaka ya 1950 na kuwa mmoja wa wachimbaji wakubwa wa karne yake. Zimbabwe ilikuwa shule yake ya kwanza ya shimoni. Na Mary Leakey, wakati huo bado Mary Nicol, alikuwa msichana asiye na cheti chochote cha shule, ila mkono wake ulijua kuchora zana za mawe kuliko kamera. Caton-Thompson aliona michoro yake, akampa kazi ya kuchora zana za Fayum kwa ajili ya kitabu chake, na ni yeye aliyemkutanisha na Louis Leakey. Yaliyofuata Olduvai na Laetoli mnayajua. Kwa hiyo ukifuata uzi wa akiolojia ya Tanzania kurudi nyuma, unapita kwenye meza ya mama huyu.

Heshima nyingine nitazitaja kwa pumzi moja: alichaguliwa kuingia British Academy mwaka 1944, alikuwa rais wa chama cha wanahistoria-kale wa Uingereza kuanzia 1940 hadi 1946, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki. Hiyo ya mwisho inatuhusu, kwa kuwa aliyekuwa mkurugenzi wake, Neville Chittick, ndiye aliyeichimba Kilwa.

Na Kilwa inaturudisha Zimbabwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipatikana Zimbabwe Kuu sarafu ndogo ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Dhahabu ilishuka kutoka uwanda wa juu wa Zimbabwe hadi bandari ya Sofala, na Sofala ilikuwa mkononi mwa Kilwa. Shanga zilizopandia njia hiyo ndizo zilizolala chini ya sakafu za Maund. Wageni walikuwapo, kama mnavyoona. Walikuwa wafanyabiashara, walileta shanga na vyombo vya kauri vya China, wakachukua dhahabu na pembe za ndovu. Kununua dukani kwa mtu hakukufanyi kuwa mjenzi wa duka.

Mtadhani basi ubishi uliisha. Haukuisha. Serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru wake mwaka 1965, ikaanza kuwabana wataalamu wasiseme wazi nani alijenga. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale, aliyekuwa akisema yale yale ya Caton-Thompson akiwa na vipimo vya kaboni mkononi, aliondoka nchini mwaka 1970. Vipimo hivyo vinauweka mji ule katika karne ya 11 hadi ya 15. Mwaka 1980 nchi ikapata uhuru na kuchukua jina la magofu. Caton-Thompson alikuwa bado hai, ana miaka 92. Mwaka 1983 akatoa kitabu cha maisha yake, na akafariki tarehe 18 Aprili 1985, akiwa na 97.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Najua swali la kwanza litakuwa lile lile la kila mahali: sasa kwa nini mji ule ulihamwa? Niwapunguzie. Katika karne ya 15 nguvu na biashara zilihamia kaskazini kwa wafalme wa Mutapa na magharibi upande wa mji wa Khami. Wapo wanaotaja malisho na kuni kuchoka kwa wingi wa watu, wapo wanaotaja njia za dhahabu kubadilika. Mimi nashikilia biashara, lakini ushahidi mwingine ambao ungetuamulia ulikuwa ndani ya udongo alioutupa Hall. Haya, tuanze na huyu dada aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Dart.